Albamu ya Mogadishu Iliyorudi, na Kanda Niliyoikuta Habaswein

Nilikwenda Habaswein kwa ajili ya akika. Dada yangu ameolewa na mwalimu wa sekondari aliyepangiwa kazi huko, na Mwenyezi Mungu alipowajaalia mtoto wa kike sikuwa na la kujitetea. Kutoka Malindi ni safari: Garsen, Hola, unalala Garissa, alfajiri unaamkia barabara ya Modogashe, na ukifika Habaswein hata nyusi zako zimebadilika rangi. Wenyeji waliniambia jina la mji wao limetokana na habaas weyn, ambayo kwa Kisomali ni vumbi kubwa. Sikuwabishia.

Siku ya pili baada ya akika, shemeji alinipeleka dukani kwa mzee mmoja anayeuza misumari, mabati na mipira ya maji. Habari ilikuwa imeshamfikia kwamba shemeji yake mwalimu anajua kutengeneza redio. Ni kweli kiasi. Kabla ya kuangukia kazi hii ya kuandika nilisomea vyombo vya elektroniki nikapata stashahada, na kwa miaka kadhaa nilikula kwa bisibisi na risasi ya kuunganishia nyaya. Mzee akatoa chini ya kaunta redio kaseti ya zamani, na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga uliojaa kanda. Akaniambia, "Walaal, hii haizunguki. Ukiweza, nitashukuru. Ukishindwa, si kosa lako, ni mzee kama mimi."

Tatizo lilikuwa dogo. Mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu ulikuwa umelegea mpaka umekuwa kama ulimi. Niliufunga mpira wa kawaida wa kufungia noti, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, tukaweka kanda ya kwanza iliyokuja mkononi. Haikuwa na karatasi, ila neno moja limeandikwa kwa kalamu juu ya plastiki: Durdur.

Besi ikaingia. Halafu gitaa likaanza kukata pale ambapo mguu unapoinuka, si pale unapotua. Mimi niliyekulia Pwani, kwenye matatu zilizotuchosha masikio kwa Bob Marley na Gregory Isaacs, nikasema bila kufikiri: "Kumbe Wasomali nao walipiga rege!"

Mzee akacheka mpaka akashika kaunta. "Adeer," akaniambia, na ndivyo wazee wa huko wanavyowaita hata walio wadogo kwao, "hii si ya Jamaika. Hii ni dhaanto. Ngamia walikuwa wakiitembea kabla Jamaika haijapata redio."

Baada ya dakika chache muziki ulikatika ghafla na kanda ikatoa kitu kingine kabisa. Nitakieleza mbele. Kwanza nieleze ile kanda ilikuwa nini, kwa sababu wasomaji wengi wa safu hii, kama mimi kabla ya safari ile, wanaijua Mogadishu ya mabomu tu.

Dur-Dur ilikuwa bendi ya Mogadishu katika miaka ya 80. Jina lake ni chemchemi. Aliyeianzisha ni Isse Dahir, mpiga kinanda, na miongoni mwa waimbaji wake maarufu walikuwa Sahra Dawo na Cabdinur Daljir. Ili uelewe upekee wake, lazima ujue muziki wa Somalia ulivyoendeshwa baada ya Jenerali Siad Barre kutwaa madaraka Oktoba 1969. Wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa wa serikali, kama karani au askari. Waaberi, kundi kubwa kuliko yote, lilikuwa chini ya wizara ya habari na lilicheza michezo ya kuigiza na nyimbo kwenye Ukumbi wa Taifa. Iftin ilikuwa ya wizara ya elimu. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lilikuwa na yake. Walirekodi kwenye studio za redio ya taifa, tepu ikabaki kwenye kabati la redio. Msanii alipata mshahara, wimbo ukawa wa dola.

Dur-Dur hawakuwa hivyo. Walikuwa bendi binafsi, waliopiga kwenye hoteli na kumbi za starehe, wakalipwa na mwenye hoteli na wateja. Serikali haikuwapa mshahara, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuhifadhi kazi zao. Wala hakukuwa na kampuni ya santuri. Njia iliyobaki ilikuwa kanda. Bendi ilirekodi, kisha maduka ya mjini, kama Iftinphone na Shankarphone, yakanakili kanda moja baada ya nyingine na kuwauzia watu. Ukitaka albamu unakwenda dukani na kanda tupu, au unaikuta imeshatayarishwa, unatoa pesa, unaondoka. Sisi wa Mombasa tunaufahamu utaratibu huu. Ndivyo Mbwana Radio Service ilivyowafikishia wazazi wetu taarab, na ndivyo Juma Bhalo alivyoingia katika kila kabati la vyombo kutoka Kibokoni mpaka Lamu.

Dur-Dur waliendelea hivyo mpaka wakafikisha karibu albamu kumi na mbili. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, mji ukagawanywa na wenye bunduki, wanamuziki wakatawanyika: Ethiopia, Djibouti, na wengine mpaka Marekani. Ni mwaka huo huo wakimbizi walipoanza kumiminika Liboi na kambi za Dadaab zikaanza kujengwa, kusini mashariki ya hapo Habaswein. Watu walibeba watoto, magodoro, sufuria. Baadhi yao walibeba kanda.

Hapo ndipo albamu zinapohesabiwa kuwa zimepotea. Neno hili "kupotea" linanisumbua kidogo, maana watu wa Eastleigh, Garissa na Habaswein hawakuzipoteza kamwe. Waliendelea kuzisikiliza, kuzinakili, kuzicheza harusini. Zilichopoteza ni mwenyewe: hakukuwa tena na duka, studio, redio wala mahakama ambayo mtu angeiendea kusema, hii ni yangu.

Zikaanza kurudi kidogo kidogo. Mwaka 2013, Brian Shimkovitz, Mmarekani mwenye lebo inayoitwa Awesome Tapes From Africa, alitoa upya Volume 5 ya Dur-Dur, iliyorekodiwa mwaka 1987. Lebo yake hujulikana kwa kugawana faida nusu kwa nusu na wasanii. Sahra Dawo na Daljir walikuwa wakiishi Columbus, Ohio, mji ambao leo una Wasomali wengi. Halafu mwaka 2017 lebo ya Ostinato, inayoongozwa na Vik Sohonie, ikatoa mkusanyiko wa Sweet As Broken Dates, wa nyimbo za Kisomali za kabla ya vita. Mkusanyiko huo uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika kundi la albamu za kihistoria, tuzo zilizotolewa Januari 2018. Haukushinda, lakini nadhani ni watu wachache Wajir waliojua kwamba nyimbo za mikebe yao zilifika kwenye meza ile.

Mwaka 2018 zikaja Volume 1 na Volume 2 za Dur-Dur, zikiwa pamoja na nyimbo ambazo hazikuwahi kutolewa, safari hii kutoka lebo ya Analog Africa ya Ujerumani. Mwenye lebo hiyo, Samy Ben Redjeb, alikwenda Mogadishu mwenyewe Novemba 2016. Alipofika tu aliambiwa kwamba hatatembea hatua moja bila walinzi wenye silaha. Siku zake nyingi alizimalizia ndani ya maktaba ya tepu ya Radio Mogadishu, na humo, nje ya rafu zilizopangwa, kulikuwa na rundo la kanda na tepu lililotupwa pembeni likiwa na vumbi, ambalo hakuna aliyekuwa amelishughulikia. Ndimo alimopata mengi ya yaliyotoka mwaka 2019 kwa jina la Mogadisco. Mnamo humo kuna wimbo wa Omar Shooli, Hab Isii, ambao ukimsikilizisha kijana wa Majengo bila kumwambia ni wa nani, atakutajia Kingston.

Sasa tuje kwenye rege yenyewe, kwa sababu ubishi wangu na yule mzee ulichukua chai tatu.

Kwenye wimbo wa kawaida wa dansi, ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, uzito unaangukia moja. Rege inafanya kinyume. Gitaa na kinanda vinakata pembeni mwa hesabu, kwenye nafasi ambayo nyimbo nyingine huacha wazi, na ngoma kubwa mara nyingi inaiacha moja ipite kimya na kuangukia tatu. Ndiyo maana ukicheza rege mwili unahisi kama unachelewa kidogo, unayumba, goti linakunjika. Watu wanadhani ni uvivu, lakini jaribu kupiga gitaa hivyo kwa dakika tano uone mkono wako utakavyojisahau na kurudi kwenye moja.

Dhaanto ni ngoma ya wafugaji wa Kisomali. Asili yake haina gitaa. Ni makofi, miguu na sauti: wanaume na wanawake wamekabiliana, mmoja anatoa shairi, wengine wanajibu na kupiga makofi. Mwendo wake, wanasema wenyewe, umeigizwa kutoka kwa mwendo wa ngamia. Mzee alinitoa nje ya duka kunionyesha. Ngamia wawili walikuwa wakipita na mizigo, na kweli, ngamia hatembei kama punda. Anatupa miguu ya upande mmoja pamoja, halafu ya upande mwingine, na shingo inakwenda mbele ikichelewa nusu hatua. Mzee akapiga makofi katika ile nusu hatua. Nikanyamaza.

Ilipofika zamani za gitaa la umeme, mpigaji wa Kisomali aliyekulia makofi hayo alikuwa na kazi rahisi: kuyahamisha makofi yale kwenye nyuzi. Ukifanya hivyo unapata kitu ambacho sikio la nje litakiita rege. Dur-Dur walikuwa na mwimbaji wa nyimbo hizi hasa, aliyejulikana kwa jina la Shimaali. Wapo Wasomali wanaokwenda mbali zaidi na kudai Jamaika ndiyo iliyochukua kutoka kwao. Hapo siwafuati. Jamaika ina historia yake ya mento, ska na rocksteady, na kila hatua imerekodiwa. Lakini pia siwafuati wanaosema Dur-Dur walimwiga Bob Marley tu. Vijana wa Mogadishu ya miaka ya 80 walikuwa na redio kama sisi, walisikia funk ya Marekani, disko, nyimbo za filamu za Kihindi na rege pia. Nionavyo mimi, waliposikia rege walitambua kitu kilichokuwa tayari nyumbani kwao, wakaongeza besi. Albamu zenyewe si za rege tupu. Wimbo mmoja ni dhaanto, unaofuata ni funk, mwingine umechukua mapigo ya saar, ile ngoma ya kupunga pepo ambayo hata sisi Pwani tuna ndugu zake.

Hapa kwetu kulitokea jambo lenye sura hiyo. Them Mushrooms walianzia Mombasa wakipiga rege kabla hawajajulikana kwa nyimbo za kupokea watalii, na walipoingiza chakacha haikuwapa taabu. Goti lilikuwa limeshakunjika.

Nirudi kwenye mkebe. Mzee alikuwa dereva wa lori. Katika miaka ya 80 alibeba mizigo kutoka Mombasa, akapitia Garissa na Liboi mpaka Kismayu, mara nyingine mpaka Mogadishu. Kiswahili chake alikipata Makupa na Changamwe, na ni kizuri kuliko cha baadhi ya wabunge wetu. Kila safari alinunua kanda. Ndani ya mkebe nilihesabu kanda 31. Nne zilikuwa zimekwisha kabisa.

Watu huniuliza kanda hufaje. Ndani yake ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma uliochanganywa na gundi. Sauti inaandikwa kwa sumaku kwenye ule unga. Plastiki yenyewe ni ngumu, inaweza kuishi kuliko mimi na wewe. Gundi ndiyo dhaifu. Kwetu Pwani inakufa kwa unyevu: ukungu mweupe unaota kwenye utepe, unaona kama poda. Habaswein hakuna unyevu, lakini kuna joto linalopinda ganda, na kuna lile vumbi. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya utepe na kichwa cha kusomea, inakwaruza kama msasa, na kilichokwaruzwa hakirudi. Kuna pia kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe kinachousukuma uguse kichwa. Gundi yake ikikauka kinadondoka, kanda inatoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi, na mwenyewe anaitupa akidhani imefutika. Kati ya zile nne za mzee, mbili zilikuwa na ugonjwa huo tu. Nilichukua sponji kutoka kanda iliyokatika, nikabandika, zikasema.

Tatizo jingine ni nakala ya nakala. Kila unaponakili kanda unaongeza mvumo, na kwa sababu hakuna mashine mbili zinazozunguka kwa kasi moja kamili, sauti inapanda au inashuka kidogo. Kanda iliyonakiliwa mara tano kati ya Mogadishu, Kismayu, Garissa na Wajir, mwimbaji wa kike anaweza kutoka kama mtoto. Albamu ile ya 2013 nayo ilitoka kwenye kanda iliyonakiliwa. Ndiyo maana mtu mwenye nakala ya mkono wa kwanza, aliyoinunua mwenyewe dukani Mogadishu, ana kitu ambacho lebo za Ulaya zinakitafuta. Mzee wangu wa misumari alikuwa nacho kwenye mkebe wa maziwa.

Na wanaotafuta wamefika. Mzee alinieleza kwamba kijana mmoja kutoka Nairobi alipita miaka michache nyuma akinunua kanda za zamani kwa bei ya jumla, kama mtu anunuaye vyuma chakavu. Hakusema ni za nani wala zinakwenda wapi. Jirani yake aliuza gunia zima. Sijui zilifika wapi, na sitamsingizia mtu, lakini jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Kununua kanda si kununua wimbo. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, na tungo yenyewe inalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kilichorekodiwa mwaka 1987 kina mwenyewe mpaka 2037. Lebo zilizotafuta wanamuziki mpaka Ohio hazikufanya hivyo kwa ukarimu pekee.

Ila sheria haisemi lolote juu ya yule aliyeihifadhi kanda miaka thelathini na tano katika vumbi. Nadhani anastahili chochote: nakala safi, jina lake kwenye jalada, ada ya heshima. Hargeisa wamejaribu njia nzuri zaidi. Mwaka 1988, ndege za serikali zilipoipiga mabomu, wafanyakazi na wapenzi wa Radio Hargeisa waliziondoa tepu, nyingine zikafukiwa ardhini, nyingine zikavushwa mipaka. Leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa, chini ya Red Sea Cultural Foundation, kina kanda zaidi ya 10,000, na mtu anaweza kuingia akasikiliza bila kuhama mjini kwake. Kaskazini Mashariki yetu haina kitu kama hicho. Kaunti zina idara za utamaduni, na zina bajeti za kuleta wasanii siku za sherehe. Chumba kimoja chenye kiyoyozi, mashine mbili nzuri za kaseti, kompyuta na vijana wawili wanaojua Kisomali, kingetosha kuanzia, Wajir au Garissa. Kwetu Pwani pia hakuna, kwa hiyo sisemi haya kwa kiburi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulizunguka, maana nikilizunguka wasomaji wangu wa msikitini watalileta wenyewe. Je, muziki huu unafaa kufukuliwa? Wanazuoni wanahitilafiana katika ala za muziki, na walio wengi katika vitabu tulivyosomeshwa wanazikataza. Mimi si shehe. Ninachojua ni kwamba Aprili 2010, kundi lenye silaha lilipoamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, baadhi ya vituo vilitangulizia habari zao kwa milio ya risasi na sauti za wanyama. Hiyo haikuwa fatwa. Fatwa husomwa, hujadiliwa, na mtu huifuata kwa kuogopa Mola wake, si kwa kuogopa bunduki.

Mtoto wa mzee, kijana wa miaka ishirini na kitu, amehifadhi Qur'ani na anasalisha tarawehe msikiti wa mtaani kwao. Ni mtu mpole. Alipotukuta tukisikiliza hakugomba. Alitoa salamu, akamwambia baba yake kwa Kisomali maneno mafupi, akasimama mlangoni akisubiri tumalize. Shemeji alinitafsiria baadaye: "Baba, kwa nini unaamsha haya uzeeni?"

Hapo ndipo muziki ulipokatika.

Palikuwa na mlio kama wa mtu anayebonyeza kitufe, kisha sauti ya mwanamume, karibu sana na kipaza sauti, ikasema assalaamu alaikum na kuanza kutaja majina. Mzee aliinua mkono tunyamaze. Alikuwa ni mdogo wake, akizungumza kutoka Jeddah.

Kizazi cha simu za mkononi hakikuona jambo hili. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, na watu wengi wazima wa wakati ule hawakuwa wamesoma. Simu zilikuwa ghali na mbali. Kwa hiyo familia ziliandikiana kwa kanda. Aliyeko Ghuba alikaa na redio kaseti, akazungumza nusu saa: nani amefariki, nani ameoa, pesa nimempa fulani, mwambie mama nimepata dawa yake. Kanda ikapewa mtu anayesafiri. Huko nyumbani ikachezwa watu wamekaa duara, na majibu yakarekodiwa juu yake, ikarudi. Kanda tupu zilipokosekana, barua ilirekodiwa juu ya muziki. Mdogo wake mzee aliyabonyeza maneno yake katikati ya albamu ya Dur-Dur, dakika kumi na moja hivi, akaacha. Wimbo ukaendelea ulipofikia, kama gari lililosimama kuchukua abiria.

Mdogo wake alifariki huko huko mwaka 1994. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake. Redio ilipoharibika, mzee hakuisikia tena kwa miaka tisa.

Nilitazama mlangoni. Kijana alikuwa amevua viatu na kuingia. Hakuwahi kumuona ami yake, alizaliwa baada ya kifo chake. Aliketi kwenye gunia la saruji, akainamisha kichwa mpaka salamu zote zikaisha na ngoma ikarudi. Baba yake alitaka kuzima. Kijana akamzuia mkono.

Usiku ule, nyumbani kwa dada yangu, mtoto akiwa amelala, niliunganisha redio ile na kompyuta ya shemeji kwa waya wa masikioni uliokatwa na kuungwa upya. Vifaa duni, na mpira wa noti ukizungusha gurudumu kwa kasi inayoyumba, lakini ni bora kuliko kitu kushindikana. Fundi wa albamu angeniambia niikate barua niuhifadhi muziki, au nihifadhi muziki nikautafutie ile sehemu iliyofutwa kwenye nakala nyingine. Na sehemu hiyo ipo, unaweza kuinunua leo kwenye santuri iliyochapwa Ulaya. Dakika kumi na moja za Jeddah hazipo popote pengine.

Asubuhi kijana alikuja kabla sijapata chai, akiwa na flashi mpya ambayo bado imo kwenye plastiki yake. Nilimuuliza kama anataka nimtolee barua peke yake, bila nyimbo, maana ni kazi ya dakika mbili.

Alifikiri kidogo. "Iache ianze pale wimbo unapokatika," akasema. Halafu akiwa ameshafika mlangoni akageuka. "Na iache kidogo mwishoni, baba asikie unavyorudi."

Niliacha dakika moja na nusu.